Ramani za Mwewe

Katika chumba chetu cha jiografia imetundikwa karatasi moja yenye fremu nyeusi. Wageni wote huisifu, na wachache sana huisoma. Ni nakala ya karatasi iliyopigwa chapa katika mji wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572. Juu umechorwa mji wa Aden. Chini yake, katika visanduku vitatu, imechorwa Mombasa, Kilwa na Sofala. Miji yote minne imeonyeshwa kana kwamba mchoraji alikuwa akielea angani kama mwewe, akatazama chini kwa mshazari, akaona kuta, mapaa na vyombo vya baharini kwa mara moja.

Niliinunua kwa sababu ilinipendeza, wala sikuwa na sababu nyingine. Lakini wanafunzi wa darasa la nne la sekondari walinifundisha kwamba pambo la namna hii ni maandishi, na mtu akitundika maandishi asiyoyasoma, hajui ukuta wake unawaambia wageni jambo gani. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza katika somo hili, kwa faida ya wanafunzi waliopo, na ya wale waliokwisha kuhitimu wakawa na nyumba na kuta zao wenyewe.

RAMANI YA MWEWE NI NINI?

Mji waweza kuchorwa kwa namna tatu. Kwanza, mchoraji husimama chini akachora anachokiona mbele yake. Hapo nyumba za mstari wa kwanza huziba zote zilizo nyuma. Pili, huchora kama mtu atazamaye kutoka juu kabisa, wima. Hii ndiyo ramani tuijuayo: njia zote zaonekana, na umbali waweza kupimwa kwa rula, lakini nyumba hugeuka kuwa miraba tu isiyo na milango wala madirisha. Tatu, hutazama kutoka juu lakini kwa mshazari. Hapo paa laonekana, na ukuta wa mbele waonekana pia, na mlango, na mti ulio uani. Hiyo ya tatu ndiyo tuliyoiita darasani ramani ya mwewe.

Uzuri wake ni kwamba hata mtoto asiyejua kusoma ramani aweza kuiona nyumba yao akasema, “Ni hii.” Udhaifu wake ni kwamba rula haifai kitu. Kilicho karibu huwa kikubwa, kilicho mbali huwa kidogo, na mchoraji hupanua njia ili nyumba za mbele zisizifiche za nyuma. Kwa hiyo hata ramani ya mwewe iliyo bora imekwisha kuupinda ukweli kidogo, kabla mchoraji hajawa na nia yo yote ya kupotosha.

KARATASI YA MWAKA 1572

Karatasi yetu ilitoka katika kitabu kiitwacho Civitates Orbis Terrarum, maana yake Miji ya Dunia. Mhariri wake alikuwa kasisi Georg Braun, na mchongaji mkuu wa mabamba yake ya shaba alikuwa Frans Hogenberg. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1572 na ya sita mwaka 1617, na kwa jumla zilikuwamo picha za miji zaidi ya 500. Kiliuzwa kwa watu waliotaka kuiona dunia bila kuondoka nyumbani. Baadaye vitabu vingi vya namna hiyo vilikatwa kurasa moja moja, zikatiwa fremu, zikauzwa kuwa mapambo. Na siku hizi nakala zake zapatikana kwa bei ambayo hata mwalimu aweza kuilipa.

Siku moja msichana mmoja, ambaye mama yake ni mtu wa Mombasa, alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, Ngome ya Yesu iko wapi? Nilikwenda kwa bibi wakati wa likizo, na kuta zile hakuna asiyeziona.”

Sikuwa na jibu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepita mbele ya picha ile kila siku, wala sikuwahi kuitafuta ngome. Tukafungua vitabu, tukaona kwamba Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, yaani miaka 21 baada ya karatasi yetu kupigwa chapa. Basi kukosekana kwa ngome si kosa la mchoraji, bali ni kama muhuri wa tarehe. Hilo likawa somo letu la kwanza: katika ramani ya mwewe, tafuta pia kile kisichokuwamo.

Darasa likaingiwa na hamu, tukahamia Kilwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji ule. Mwaka 1505 merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliuteka mji na kuupora, kisha zikaendelea hadi Mombasa, nayo ikachomwa moto. Tangu 1505 hata 1572 ni miaka 67. Walakini katika karatasi yetu Kilwa imetulia juu ya kisiwa chake kama mji usiopata kupigwa. Mnunuzi wa Cologne aliyeitazama hakuweza kujua lo lote juu ya mambo yaliyowapata watu wake. Somo la pili, basi: mwaka wa kupiga chapa si lazima uwe mwaka wa kuona.

Tena Hogenberg hakukanyaga pwani ya Afrika Mashariki. Alitegemea habari na michoro iliyopitia mikononi mwa Wareno. Ndiyo maana baadhi ya majengo yana sura ya Ulaya kuliko ya Waswahili, hali nyumba za mawe za pwani zilikuwa na mapaa bapa yaliyosakafiwa kwa chokaa. Somo la tatu: uliza mchoraji alisimama wapi, na kama hakusimama po pote, uliza aliambiwa na nani.

WALIONAJE KUTOKA JUU?

Mvulana mmoja aliuliza swali ambalo huenda na wewe msomaji unalo: “Ndege ya abiria haikuwako, basi walionaje?” Watu wa kwanza kupaa kwa puto bila kamba walipaa Ufaransa mwaka 1783. Wale waliotangulia hawakuiona miji kutoka juu. Waliijenga akilini baada ya kuitembea kwa miguu.

Mfano mashuhuri ni picha ya Venice ya mwaka 1500, iliyochorwa na Jacopo de' Barbari. Ilichongwa katika mbao sita, na karatasi zake zikiunganishwa upana wake hukaribia meta 2.8. Mfanyabiashara Anton Kolb aliyeigharimia alisema kazi ilichukua miaka mitatu. Inaaminiwa kwamba wapimaji walipanda minara mingi ya makanisa, kila mmoja akachora kilicho karibu naye. Kisha vipande vikaunganishwa vikawa picha moja, ambayo wakati ule hapakuwa na jicho la mtu lililopata kuiona.

Huko Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kazi hii ikawa biashara ya kutembeza. Mchoraji mmoja, Thaddeus Mortimer Fowler, alichora picha zaidi ya 400 za namna hii. Kwanza mchoraji alichukua ramani ya kawaida ya mji, akaichora upya kwa mshazari, miraba ya mbele ikiwa mipana na ya nyuma ikiwa imebanwa. Kisha alipita mtaa kwa mtaa na daftari mkononi, akichora kila nyumba: ina ghorofa ngapi, paa lake la namna gani, mti gani uko mlangoni. Mwisho aliziweka nyumba zote katika miraba yake.

Lakini kabla ya kupiga chapa ilikuwa lazima wapatikane wenyeji walioahidi kununua. Mwenye duka au kiwanda aliyelipa zaidi aliweza kuchorewa jengo lake peke yake, kubwa, pembeni mwa karatasi. Basi tazama picha hizo vizuri: kila bomba la kiwanda latoa moshi, kila gari la moshi lakimbia, kila bandari imejaa vyombo. Mara nyingine zimo hata njia ambazo zilikuwa hazijakatwa bado. Wenyeji walizitundika maofisini, hotelini na barazani mwao, mji ukawa unajitazama na kujipenda. Sisemi kwamba huo ni uwongo. Nasema kwamba hapana budi kuuliza swali la nne: nani alilipa?

DARASA JUU YA MLIMA KIGALI

Mji wetu wa Kigali ni mchanga. Ulianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907 katika kilima cha Nyarugenge. Wakati wa uhuru, mwaka 1962, wakazi wake walikuwa kama 6,000 tu. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta 1,745,555. Kwa hiyo hatuwezi kutafuta karatasi ya Kigali ya mwaka 1572. Lakini Mungu ametupa vilima, na mtu wa Kigali hahitaji puto. Ndipo wanafunzi wakasema, “Mwalimu, tuchore ya kwetu.”

Jumamosi moja tulipanda Mlima Kigali kutokea Nyamirambo. Ukiwa juu, huku umeelekea mashariki, unaona mapaa ya Nyamirambo chini ya miguu yako; kushoto maghorofa ya katikati ya mji yamepanga mstari juu ya mgongo wa Nyarugenge; nyuma yake ni bonde la Nyabugogo na Mlima Jali; na mbali upande wa Kimihurura laonekana kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016. Tulidhani kazi itakwisha siku ile ile.

Haikwisha. Kilima ni mnara mzuri, lakini kilima cha pili huficha bonde lililo nyuma yake, na Kigali ni mji wa vilima na mabonde. Tuliyoyaona kutoka juu hayakufika nusu ya mji. Tukafanya kama wale wa Marekani. Tuliigawa karatasi kwa miraba, tukajigawa watatu watatu, na kila kundi likapewa mraba mmoja wa mitaa iliyo karibu na kwao. Kwa Jumamosi nne walitembea, wakihesabu nyumba, wakiandika rangi za mabati, miti mikubwa, misikiti, makanisa, ngazi za mawe na mifereji. Waliopewa Biryogo walirudi wamechelewa kila mara, kwa kuwa wazee wa huko, ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, hawakuwaachia kuondoka kabla ya kuwaeleza nyumba hii ilikuwa ya nani na ile ilijengwa na fundi gani.

UGOMVI WA PEMBE YA CHINI

Tulipoanza kuunganisha vipande, ukatokea ugomvi. Katika pembe ya chini, mvulana mmoja alikuwa amechora nyumba yao. Ilikuwa bondeni, karibu na kinamasi, katika sehemu ambayo watu walikuwa wametakiwa kuhama. Ukutani ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Mwenzake akasema, “Ya nini kuichora? Kabla ya mwisho wa mwaka haitakuwako. Tuchore bustani itakayokuwa pale.” Akaeleza kwamba aliwahi kuona katika ofisi moja picha kubwa ya Kigali ijayo, iliyochorwa kwa jicho la mwewe vile vile, yenye maghorofa ya vioo, miti na maziwa madogo. “Ile ndiyo inayopendeza ukutani,” akasema.

Yule mvulana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Kwetu kupo. Jana nimelala huko.”

Darasa likagawanyika. Wengine walisema ramani ni lazima ionyeshe mji kwa uzuri, kwa sababu itatundikwa. Wengine walisema tukiiacha nyumba moja, mwingine ataomba tuiache ya jirani asiyempenda. Mimi niliwaambia haya. Picha ya mji ujao si uwongo. Kigali ilipata mpango wake mkuu mwaka 2008, na mpango uliozinduliwa mwaka 2020 unatazama hadi mwaka 2050. Mji usiopangwa huwaumiza watu wake. Na maji ya bondeni hayana huruma, nasi sote tumeyaona masika ya hapa. Sikutaka kumlaumu aliyeweka alama ile. Lakini picha ya mji ujao yajibu swali moja, nalo ni “twataka nini?” Yetu ilikusudiwa kujibu jingine: “miguu yetu ilikuta nini?” Mtu akichanganya maswali hayo mawili katika karatasi moja, watoto wake hawataweza kujua lililokuwako na lililotamaniwa. Tungekuwa kama mnunuzi yule wa Cologne, aliyeonyeshwa Kilwa iliyotulia.

Mwishowe tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, kila kilichokutwa kichorwe. Pili, mwaka uandikwe kwa herufi kubwa katika pembe ile ile iliyoleta ugomvi: KIGALI, 2022. Basi nyumba ikachorwa: vyumba vitatu, bati lenye kutu, na mparachichi mmoja mbele.

Nyumba ile ilibomolewa kabla ya muhula kwisha. Jamaa wale walihamia upande mwingine wa mji, na bondeni sasa pana majani. Siku ya wazazi baba wa mvulana alikuja, akaitafuta pembe ya chini, akaweka kidole juu ya mparachichi.

“Mwalimu,” akasema, “mti huu niliupanda mwaka aliozaliwa dada yake mkubwa. Lakini mmekosea. Mlango wetu ulitazama njia. Ninyi mmeuelekeza bondeni.”

“Samahani, Mzee,” nikamjibu. “Tutausahihisha.”

Tuliusahihisha mbele yake, kwa kalamu ile ile. Kisha akaomba nakala, tukampa. Mwanawe aniambia imetundikwa sebuleni kwao, na kila mgeni huonyeshwa mlango ule kwanza.

JINSI YA KUISOMA NA KUITUNDIKA

Basi msomaji, ukinunua ramani ya mwewe, au ukirithi moja, itundike bila haya. Vitu vizuri vimeumbwa vitazamwe. Lakini kabla ya kupigilia msumari, iulize haya:

1. Ilichorwa mwaka gani, na ilipigwa chapa mwaka gani?
2. Mchoraji alisimama wapi, au aliambiwa na nani?
3. Nani alilipa, na jengo la nani ni kubwa kuliko inavyostahili?
4. Kitu gani hakimo? Je, kilikuwa hakijajengwa, kilikuwa kimekwisha kubomolewa, au kiliachwa kwa makusudi?
5. Yaonyesha mji uliokuwako, au mji uliotakiwa?

Majibu yake yaandike kwa penseli nyuma ya fremu. Mtu atakayekuja kuirithi atakushukuru.

ZOEZI

Kwa wanafunzi: Chora mtaa wenu kwa jicho la mwewe, usizidi nyumba 20. Piga miraba kwanza, kisha utembee, kisha uchore. Usichore nyumba ambayo hukufika mlangoni pake. Andika mwaka. Halafu tafuta picha yo yote ya Kigali iliyopigwa kutoka kilimani, uangalie kama kuba la Kimihurura limo, useme kama ni ya kabla ya mwaka 2016 au baada yake. Kisha tafuta alama yako mwenyewe ya kujulia tarehe, itakayowashinda wenzako.

Kwa wanafunzi wa zamani: Ramani yetu ya mwaka 2022 imetundikwa ukutani karibu na ile ya mwaka 1572. Haina kioo, na pembeni imefungwa penseli kwa uzi. Mkipita shuleni, ingieni mwitazame. Mkiona mlango tuliougeuza, mti tuliousahau, au nyumba mliyokuwa mkikaa ambayo wakati wetu ilikuwa imekwisha kutoweka, tuandikieni pembeni, pamoja na mwaka. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini aliyezaliwa baada ya nyumba kuondoka, akitazama peke yake, ataona majani tu.